Kujisagia kioo cha darubini: kazi iko kwenye kupima

Anayetaka kujisagia kioo cha darubini ili aokoe hela, aache. Ukijumlisha glasi, unga wa kusagia, lami na gharama ya kupaka alumini, kioo kidogo cha kiwandani kinakushinda bei. Sababu ya kusaga ni kupata uso ulio bora kuliko wa kiwandani, tena ambao umeupima mwenyewe.

Watu huogopa kusaga, kumbe ndiyo sehemu nyepesi. Kioo cha kipenyo cha milimita 150 chenye fokasi (umbali kutoka kioo hadi pale mwanga wa nyota unapokutana) ya milimita 1200 hubonyea katikati kwa milimita 1.2 tu. Karborandamu, yaani unga wa kusagia, ya namba 80 (chembe kubwa) huchimba hayo kwa saa chache, kisha unaendelea na 120, 220, 400 na 600, kila namba ikifuta vishimo vya iliyotangulia. Adui ni uchafu: chembe moja ya 80 ikijificha chini ya ukucha, mkwaruzo wake utakurudisha nyuma hatua nzima.

Balaa huanzia kwenye lami ya kung'arishia, ile ambayo kioo husuguliwa juu yake baada ya kusagwa. Ikiwa laini mno, au ukisukuma kioo mbali mno nje ya lami, ukingo wa kioo hulala, yaani huinama chini. Ikiwa ngumu mno, haifuati umbo la kioo, na inakwaruza. Usipozungusha kioo mara kwa mara, uso hupinda kama tandiko la farasi na nyota huonekana kama msalaba.

Halafu kuna kupima. Kipimo cha Foucault, cha tangu miaka ya 1850, huonyesha vilima na mashimo ya uso kwa vivuli; kinataka taa yenye tundu dogo na wembe, vyote mita 2.4 mbele ya kioo hicho. Gusa glasi kwa kidole gumba dakika moja, kisha chungulia nyuma ya wembe: kilima kimeota pale pale, kwa kuwa joto limeitanua glasi. Sasa fikiria kioo kilichotoka kusuguliwa. Mwenye pupa hukikata kilima cha joto, na glasi ikipoa anakuta shimo.

Kwa fokasi ya 1200, uso wenye umbo la tufe safi unakaribia kutosha, na kufikia parabola, mbonyeo unaokusanya mwanga wote wa nyota mahali pamoja, ni kuligusa tufe hilo kidogo tu. Ifupishe fokasi hadi 600, tofauti kati ya tufe na parabola inakuwa mara 8. Kwa hiyo kioo cha kwanza kiwe cha 150 kwa 1200, na asiye na subira ya kuketi nyuma ya wembe anunue tu.