Mguu umeunga, usingizi bado

Kuna jambo moja ambalo CTC zetu, yaani kliniki za huduma na matibabu ya VVU, zinazizidi kliniki nyingine zote. Mtu akipimwa akakutwa na VVU, hakabidhiwi dawa na tarehe ya kurudi tu. Anakaa na mshauri nasaha, na mara nyingi anakutana na WAVIU mshauri, mtu anayemeza dawa zile zile na anayejua usiku wa kwanza baada ya majibu unavyokuwa. Huku Nyanda za Juu Kusini tumejifunza hilo kwa kulazimika: utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4.

Sasa njoo kwenye kliniki ya mifupa.

Binamu yangu alikuwa utingo wa Fuso la viazi. Breki zikafeli mteremko wa Inyala. Akawekewa vyuma, akatembelea magongo, na mwishowe eksirei ikaonyesha mfupa umeunga vizuri. Sote tukafurahi. Ila Hiace hapandi. Igawilo hadi Uyole anakwenda kwa miguu, na mguu wenyewe ndio ule. Lori likipuliza breki za upepo barabarani, kikombe kinamtoka mkononi. Analala sebuleni, taa inawaka mpaka asubuhi. Shangazi anasema anajidekeza. Mjomba anataka apelekwe kwenye maombi (sina ugomvi na maombi, angalau yanamtoa nje). Kliniki kila akienda anaulizwa kama mguu unauma. Analalaje, hakuna aliyewahi kumuuliza.

Nasi wa nyumbani tuna letu. Kila mgeni aliyekuja kutoa pole alitaka hadithi nzima: "Hebu tuambie, ilikuwaje?" Akishasimulia anaambiwa amshukuru Mungu, wenzake walikufa. Anajua walikufa. Alikuwa nao kwenye kichwa cha gari. Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia wa Shirika la Afya Duniani, uliotoka 2011, unasema wazi usimlazimishe mtu kusimulia yaliyomkuta. Kaa naye, akitaka kusema msikilize, mwelekeze panapopatikana msaada. Hofu na kukosa usingizi wiki za mwanzo ni kawaida, na kwa wengi hupungua vyenyewe. Zikipita mwezi na mtu hafanyi kazi wala halali, hayo ni maradhi, na yana tiba.

Ni hivyo hivyo kwa mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi anayesafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kupigwa mionzi, akarudi na faili na ukimya.

Najua jibu litakalokuja: wataalamu wa afya ya akili ni wachache. Ni kweli. Lakini dodoso la kupima sonona lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, na muuguzi analiweza. Zimbabwe wao, tangu 2006, wamewafundisha bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha dalili za sonona zinapungua.

Hapa kwetu hatuhitaji hata kubuni. Siku ya kliniki ya mifupa, awepo mtu aliyewahi kuvaa vyuma na sasa anapanda gari. Kliniki ya saratani vivyo hivyo. Wafundishwe kama WAVIU washauri walivyofundishwa, wajue nani wa kumpeleka kwa daktari siku hiyo hiyo. Na walipwe nauli na posho kutoka bajeti ya hospitali, isiachwe kuwa kazi ya kujitolea.