Asilimia nusu ya Michaela Coel na mkataba wa karatasi moja wa Mbeya

Kuna mkataba wa karatasi moja unaozunguka kwa wachekeshaji wa huku kwetu, kuanzia Mwanjelwa ya Mbeya mpaka Kihesa ya Iringa, na kila ninapousoma hasira inanipanda upya. Malipo ni laki moja na nusu. Chini ya malipo kuna kipengele kinachosema msanii anahamisha haki zote za skripti, mhusika na sauti, kwa njia zote, duniani kote, milele. Wengi wanaosaini ni mabinti wanaoandika wenyewe na kuigiza wenyewe, waliojifunza kusimama mbele ya watu kwenye maigizo ya kanisani na ngonjera za shule. Wanasaini wakiwa wamesimama, mpiga kamera akiwa tayari amewasha taa.

Nataka niwaambie habari za Michaela Coel, mwandishi na mwigizaji wa Uingereza.

Wengi mnamfahamu kama Aneka wa filamu ya Wakanda Forever, na hapo ndipo mnapoishia. Huyu dada amezaliwa London mwaka 1987, wazazi wake ni Waghana, na amelelewa na mama yake pamoja na dada yake kwenye fleti za mashariki ya jiji lile. Alianza na mashairi ya jukwaani. Baadaye akaingia chuo cha sanaa cha Guildhall, na mwaka wa kumaliza, 2012, akaandika mchezo wa mtu mmoja ulioitwa Chewing Gum Dreams, akauigiza peke yake kwenye ukumbi mdogo wa Yard huko Hackney Wick. Mchezo ule ukapanda hadi National Theatre, na mwaka 2015 ukawa kipindi cha vichekesho cha E4, televisheni ya Uingereza, kikaitwa Chewing Gum, yeye akiwa mwandishi na mwigizaji mkuu. Mhusika wake, Tracey, ni binti muuza duka aliyekulia kwenye nyumba ya dini kali na anatamani kujua mapenzi ni nini. Mji wenye makanisa mengi kama Mbeya unamwelewa Tracey bila kufafanuliwa. Mwaka 2016 akapata tuzo mbili za BAFTA, zile za filamu na televisheni za Uingereza, kwa kazi hiyo.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mwaka 2017 alikuwa na hadithi mpya, ile iliyokuja kuitwa I May Destroy You. Netflix wakamwekea mezani dola milioni moja. Akaomba abaki na sehemu ya hakimiliki, asilimia 5. Ikakataliwa. Akashuka hadi 2, akashuka hadi 1, akafika nusu asilimia. Hata nusu haikukubaliwa, na milioni akaiacha. Kampuni ya mawakala iliyokuwa inamwakilisha, CAA, ilikuwa inamsukuma akubali, na yenyewe ilikuwa na fungu lake ndani ya dili lile. Akaachana nayo. Kazi akaipeleka BBC, na BBC wakampa uhuru wa kuiongoza, kiti kwenye meza ya uzalishaji, na haki za kazi yake. Ikatoka mwaka 2020, sehemu 12, baada ya rasimu 191. Mwaka 2021 akachukua Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya uandishi wa tamthilia fupi, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata katika kundi hilo.

Nusu asilimia ya kazi ile si hela ya kumtajirisha mtu. Kwa maoni yangu hakuwa anapigania hela. Mwenye sehemu ya hakimiliki, hata ikiwa ndogo namna gani, hawezi kuchukuliwa kama mtu aliyelipwa akaondoka. Kazi ikiuzwa nchi nyingine, ikitengenezwa upya, ikikatwa vipande vya matangazo, lipo jina lake mahali pa kuulizwa. Na hadithi yenyewe ilitokana na unyama aliofanyiwa yeye usiku aliokuwa anaandika msimu wa pili wa Chewing Gum. Kumwambia mtu auze kitu kama hicho chote, asibakiwe hata na chembe, ni ukatili, na ukatili huo huo ndio uliomo kwenye karatasi yetu ya laki moja na nusu. Binti wa Tukuyu anayeigiza shangazi anayemkaripia mkwe kwa lafudhi ya Kinyakyusa hakuiokota lafudhi hiyo barabarani. Ni ya mama zake. Anayeigiza mwanakwaya wa Mafinga aliyekosa nafasi ya kuongoza wimbo ameishi kwenye kwaya ile.

Nakubali, tena kwa shingo upande, kwamba prodyuza ana mzigo wake. Kamera anakodi, jenereta anajaza mafuta, mhariri anamdai, na klipu nyingi hazirudishi gharama. Anastahili fungu, na fungu nono. Nakubali pia kwamba Coel alikataa milioni akiwa tayari na BAFTA mbili, na mtu mwenye kodi ya chumba ya miezi mitatu shingoni hana nafasi hiyo. Ndiyo maana sisemi mkatae hela. Chukueni hela, kataeni lile neno "zote".

Mkulima wa Rungwe anajua tofauti ya kumuuzia dalali parachichi za msimu zikiwa bado mtini na kumuuzia shamba. Skripti ni hivyo hivyo: unauza matumizi, kwa muda, kwa njia zilizotajwa. Kipengele kiseme hivi: "Mwandishi anatoa ruhusa ya kurekodi na kurusha skripti hii kwenye chaneli iliyotajwa hapa, kwa miaka 2, na haki nyingine zote zinabaki kwake." Mistari miwili tu. Muda ukiisha, ruhusa inaisha, na anayetaka kuendelea anarudi mezani.

Lakini ni vigumu kulinda kitu ambacho hukukiandika, na hapa ndipo wenzetu wanapoumia zaidi. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailindi wazo, inalinda namna wazo lilivyoelezwa. Ukifika lokesheni ukamsimulia prodyuza kwa mdomo kichekesho chako chote, yeye akarekodi, kitu pekee kinachoshikika ni rekodi, na rekodi iko kwenye kamera yake. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni afadhali kuliko mdomo mtupu, ila simu ikipotea nao unapotea.

Kwa hiyo andika kabla ya kusimulia. Ukurasa mmoja wa skripti iliyopangwa vizuri unakaribia dakika moja ya picha, kwa hiyo klipu ya dakika tatu ni kurasa tatu. Juu kabisa weka jina la kichekesho, jina lako kama mwandishi, tarehe, na namba ya rasimu. Kila onyesho lianze na mahali na wakati: ndani au nje, wapi, mchana au usiku. Jina la mhusika likae juu ya maneno yake, na kitendo kiandikwe kwa wakati uliopo, kile tu kinachoonekana na kusikika. Usiandike "Mama amekasirika", kamera haioni kukasirika. Andika anaweka sufuria chini na kufunga kanga upya. Kwa klipu ya dakika tatu, tatizo lijulikane ndani ya sekunde 20 za mwanzo, maana mtazamaji wa simu hana subira. Kicheko kikubwa kiwe kwenye neno la mwisho la sentensi, kwa sababu neno likifuatwa na maneno mengine watu wanacheka juu ya maneno hayo na utani unaofuata unazama. Wengi wanakosea hapo: utani wao ni mzuri, ila umezikwa katikati ya sentensi.

Someni kwa sauti, wote mkiwa mmekaa, kabla ya kusimama. Pale ambapo mmesoma mara mbili mfululizo na hakuna aliyecheka, kata. Kisha hifadhi rasimu hiyo kama faili jipya, usifute ya zamani, na jitumie kwa barua pepe. Hapo una ushahidi wenye tarehe. Hakimiliki inaanza mara kazi inapoundwa, si lazima usajili, ila usajili wa COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, unasaidia sana mkifika kwenye kubishana. Na haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Hiyo ni hela ya wajukuu. Karatasi ile inaikomba yote kwa neno moja, "milele".

Tuje kwenye asilimia, maana wapo wanaoahidiwa asilimia na bado hawaoni kitu. Uliza ni asilimia ya nini. Chukua mfano wa chaneli iliyoingiza 800,000 kwa mwezi. Asilimia 10 ya mapato ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama, ni 80,000, na hakuna cha kubishania. Asilimia 10 ya faida ni hadithi nyingine: kamera 250,000, uhariri 200,000, jenereta na taa 100,000, usafiri 80,000, chakula 90,000, "usimamizi" 80,000. Jumla 800,000. Faida sifuri, na asilimia 10 ya sifuri unaijua. Bora asilimia 4 ya mapato ghafi kuliko 20 ya faida inayopigiwa hesabu na mtu mwingine. Omba pia picha ya ukurasa wa mapato wa chaneli kila mwezi, na iandikwe kwenye mkataba kwamba ni haki yako kuiona, kwa sababu hela ya YouTube inaingia kwenye akaunti ya mwenye chaneli na usipoonyeshwa hujui kimeingia kiasi gani.

Ukiajiriwa kwa mshahara, hali inabadilika. Skripti unazoandika ndani ya kazi hiyo haki zake za kiuchumi zinaelekea kwa mwajiri mkikaa kimya, kwa hiyo msikae kimya. Orodhesha kwenye kiambatisho vichekesho vyote ulivyokuja navyo.

Wenzetu wanaopeleka skripti Dar, dai lenu moja la nyongeza: lafudhi. Andikeni kwamba mhusika wa Kihehe au Kinyakyusa mtamwigiza nyie au mtu mtakayeridhia. Tumechoka kusikia "kamwene", salamu ya Kihehe, ikitamkwa na mtu ambaye hajawahi kuamkiwa hivyo.

Na kuna kitu kimoja kwenye karatasi ile ambacho naona hakijaogopwa inavyostahili, nacho ni mhusika. Klipu inazeeka, mhusika hazeeki. Binti akijenga mama mwenye wigi lililopinda na kitenge cha kijani, watu wakampenda kutoka Kyela mpaka Makambako, chakula chake kipo kwenye mhusika huyo: atamwita kwenye harusi anazoshereheshea, kwenye matangazo ya redio, kwenye jukwaa la Ukumbi wa Mkapa. Akishamhamisha, prodyuza anaweza kumvisha binti mwingine wigi lile lile na kuendelea na msimu wa pili, na aliyemuumba akakatazwa kumtumia hata kwenye sherehe ya mtaani. Mzee Majuto alipougua na kufariki mwaka 2018, nchi nzima ilijadili mikataba ya wachekeshaji. Miaka imepita na karatasi hizi bado zinachapwa stationari kwa shilingi mia chache.

Mkataba ukija kwa Kiingereza, omba wa Kiswahili. Ukija lokesheni, sema utausaini kesho, na usiku huo mtu mwingine ausome. Kila ukurasa uwe na sahihi. Kipengele cha mhusika kikatwe kwa kalamu, pande zote mbili ziweke sahihi ndogo pembeni mwa mkato huo, na nakala yako uondoke nayo siku hiyo hiyo, kabla ya kuvaa wigi.