Jina Walilolirudisha Weston

Mwaka 2007, hospitali kongwe ya magonjwa ya akili ya Weston, jimbo la West Virginia nchini Marekani, ilipigwa mnada. Mnunuzi alitoa dola milioni 1.5, kisha akalirudisha jina la kale: Trans-Allegheny Lunatic Asylum, yaani makao ya vichaa. Watetezi wa wagonjwa wa akili walilalamika, lakini jina likabaki. Siku hizi watu hulipa kiingilio watembezwe humo usiku kutafuta mizimu.

Mimi niko upande wa waliolalamika.

Jengo lile halikujengwa kumtisha mtu. Ujenzi ulianza 1858, kwa mawe ya kuchongwa kwa mkono, ukifuata fikra za daktari Thomas Kirkbride wa Philadelphia, aliyeamini kuwa mgonjwa wa akili hupata nafuu akikaa penye nafasi, hewa safi na mwanga. Ndiyo maana mabawa yake hayakupangwa kwenye mstari mmoja. Kila bawa limesogezwa nyuma ya mwenzake, ili ukumbi wake upate madirisha hadi mwisho na upepo upenye. Enzi hizo wagonjwa wengi walikuwa wakitupwa jela, lakini hapa mtu aliketi na kalamu yake akawaza jua litamfikiaje mgonjwa wa chumba cha mwisho. Mimi hilo hunigusa sana.

Nafasi ilikusudiwa watu 250. Kufikia miaka ya 1950 walirundikana kama 2,400. Majengo mengine yaliongezwa, lakini hayakufua dafu. Vitanda vikibanana namna hiyo, dirisha la Kirkbride linamsaidia nani? Na muuguzi mmoja atamsikiliza nani, amwache nani? Anayetaka kutishika na Weston aitazame hesabu hiyo, maana mateso ya pale yaliletwa na walio hai.

Nakubali, hospitali ilifungwa 1994, na fedha za wageni zinasaidia kulikarabati jengo lisianguke. Hilo ni jema. Lakini ukarabati haukulazimu kulirudisha neno lile.

Tena kuna jambo linaloniuma zaidi. West Virginia ilipokuwa jimbo mwaka 1863, hospitali ilibadilishwa jina. Wagonjwa wa kwanza walipokelewa 1864. Kwa hiyo, katika miaka yote 130 ya kazi yake, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyelazwa pale chini ya jina hilo linalouzwa leo.