Nilikaza nati, sikupiga fotokopi

Makala yenu inasema wanafunzi wa uhandisi wakienda atachimenti (mafunzo ya vitendo) viwandani huishia kupiga fotokopi. Mimi nilikaa miezi mitatu kwenye kiwanda cha kuunganisha malori hapa Kenya, na ofisini sikukanyaga. Sehemu zinakuja kwenye makreti, kebini ya dereva inachomelewa, inapakwa rangi, kisha inateremshwa juu ya chesi, yaani fremu ya chini ya lori. Fundi wangu, mzee aliyeifanya kazi hiyo miaka 30, alinipa spana inayolia “tik” nati ikifika kipimo, na kila nati niliyoikaza niitie alama ya rangi ya njano. Siku moja nikaruka nati moja ya gurudumu. Hakunigombeza, aliigusa tu kwa kidole. Jasho lilinitoka! Kinachoniuma ni nauli: hatukulipwa hata shilingi, na wenzangu wawili wazuri sana wakaacha. Andikeni hilo, tafadhali.