Binti yangu ana njia ya Ikulu mbili, wa rafiki yangu hana kitambulisho

Wiki ile Trump alipotia saini amri yake ya uraia, tarehe 20 Januari 2025, nilipigiwa simu za pole kama mtu aliyefiwa. Naishi Lowell, Massachusetts, mji ambao Wakenya tumejaa kiasi kwamba unga wa ugali si shida kupata. Nairobi ndiko nilikozaliwa na kukulia, na huko ndiko pole zilikotoka. Binamu yangu wa Umoja alikuwa mkali kuliko wote. Mtoto azaliwe pale hospitalini, alie kilio chake cha kwanza pale, halafu aambiwe si wa pale? Huo ni utu gani?

Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza: mtoto wa Mkongomani akizaliwa hospitali ya Pumwani, hapo Nairobi, leo asubuhi, ni Mkenya?

Alinyamaza kidogo. "Hiyo ni tofauti," akasema.

Tofauti iko wapi, sijui. Amri ya Trump inasema mtoto atakayezaliwa Marekani asihesabiwe raia ikiwa mama yake yuko huko bila kibali, au yuko kwa muda tu kama mwanafunzi, na baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Kifungu cha 14 cha Katiba yetu ya 2010, ile tuliyoishangilia Uhuru Park, kinasema raia wa kuzaliwa ni yule ambaye siku anazaliwa, mama au baba yake ni Mkenya, awe amezaliwa Kenya au kwingine. Ardhi yenyewe haimpi mtoto kitu, isipokuwa yule anayeokotwa akionekana hajafika miaka minane na wazazi wake hawajulikani. Kwa hiyo anachokitaka Trump, sisi tunacho tayari, tena chetu ni kikali zaidi, maana mkaazi wa kudumu naye hapati. Na kuna wakati hatukuwa hivyo. Katiba ya uhuru ilimpa uraia karibu kila mtoto aliyezaliwa Kenya baada ya tarehe 11 Desemba 1963. Mwaka 1985 bunge likabadilisha, na mabadiliko yakarudishwa nyuma hadi siku ya uhuru yenyewe. Sikumbuki mtu yeyote mtaani kwetu akilizungumza jambo hilo.

Huku Marekani linazungumzwa kila siku, na lina mizizi. Mwaka 1857 Mahakama ya Juu ilisema mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikapiganwa, watu wakafa kwa mamia ya maelfu, na mwaka 1868 Marekebisho ya 14 yakaandika kwamba anayezaliwa hapa chini ya mamlaka ya nchi hii ni raia. Miaka thelathini baadaye akaja Wong Kim Ark, mpishi aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina. Alikwenda China kwa muda, na aliporudi akazuiwa bandarini. Mahakama ikasema: huyu ni raia, mpisheni. Ndiyo maana majaji kadhaa waliizuia amri ya Trump mapema. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliwapunguzia majaji hao uwezo wa kuzuia amri za rais nchi nzima, lakini haikugusa swali lenyewe la uraia.

Binti yangu alizaliwa 2013. Mimi na mama yake tulikuwa wanafunzi wenye viza, hatuna hata kochi. Kesho yake mama mmoja aliingia wodini na fomu, akauliza jina la mtoto linaandikwaje. Basi. Hakuuliza kabila langu, hakuuliza babu yangu alizikwa wapi. Angezaliwa chini ya amri hii mpya, angekuwa mgeni katika wodi aliyozaliwa. Siisifu Marekani kupita kiasi, msinielewe vibaya. Makaratasi yangu mwenyewe yalinila miaka na mawakili, na kuna majirani zangu ambao sasa hivi wakisikia mlango ukibishwa wanazima taa. Lakini fomu ile ya wodini siwezi kuisahau, kwa sababu ya rafiki yangu wa Makina.

Tulikua pamoja huko Makina, ndani ya Kibra, Nairobi. Sisi tulikuwa wapangaji, nyumba ilikuwa ya babu yake, Mnubi. Hata jina Kibra ni la Kinubi, maana yake msitu. Wazee wao walikuwa askari kutoka Sudan walioletwa na Waingereza, wakawekwa pale kabla wazazi wangu hawajazaliwa, kabla hata Kenya haijaitwa Kenya. Sisi tuliokuja Nairobi juzi tukibeba magunia kutoka mashambani tulipata vitambulisho kwa wiki chache, kwa sababu majina yetu yana kijiji nyuma yake. Wao ndio waliotakiwa kupigwa msasa mbele ya kamati ya wazee: lete cheti cha baba, lete kitambulisho cha babu, apa kwa kadhi. Machi 2011 kamati ya Afrika ya haki za watoto iliamua kwamba Kenya imewakosea watoto wa Kinubi kwa kuwanyima uraia wao. Mwaka 2017 serikali ikawapa hati ya ekari 288 za ardhi. Ardhi hati, watu karatasi ya kusubiri.

Binti wa rafiki yangu alitimiza miaka 18 mwaka 2024, akaanza safari hiyo hiyo ya baba yake. Wangu amekaa Nairobi jumla ya wiki sita maishani, Kiswahili chake ni cha kuombea chapati, na pasipoti ya Kenya alipata kwa kuonyesha cheti chake na kitambulisho changu.

Hapo ndipo mambo ya urais yananichekesha. Nchi zote mbili zinataka rais awe raia wa kuzaliwa. Huku sheria hiyo ndiyo iliyomzuia Arnold Schwarzenegger, mzaliwa wa Austria, kuota zaidi ya ugavana wa California. Na ndiyo iliyomfanya Obama, aliyezaliwa Honolulu tarehe 4 Agosti 1961, kutoa cheti chake kamili hadharani mwaka 2011 kwa waliodai alizaliwa Kenya kwa baba yake, kama kijana wa Makina mbele ya wazee. Sisi nasi hatukumsaidia. Kibaki alitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa sikukuu, kila mtu akiimba "mtoto wetu," na huku wapinzani wa Obama wakisema: mmesikia? Wenyewe wanakiri.

Swali hilo la mzawa likishaingia siasani, huwa lina jina la mtu fulani moyoni. Zambia mwaka 1996 waliandika kwamba wazazi wote wawili wa rais wawe Wazambia, na mtu aliyelengwa ni Kenneth Kaunda, baba wa taifa, ambaye wazazi wake walitoka Nyasaland, Malawi ya leo. Kwetu, mwaka 2019 bunge lilimtaka Mwende Mwinzi, aliyezaliwa Marekani, aukane uraia wa huko kabla ya kuwa balozi Korea Kusini. Kana kwamba mtoto mchanga huchagua wodi.

Kwa sheria zilivyo, binti yangu anaweza siku moja kugombea White House, na kwa maandishi ya Katiba hata Ikulu ya Nairobi hajafungiwa mlango. Nilimwambia rafiki yangu hivyo kwenye simu, wiki ile ile ya pole, nikidhani ni kichekesho.

"Mwambie aje," akasema. "Wangu atampigia kura kwa kutumia nini?"

Wiki mbili baadaye Rais Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondoa ule msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Rafiki yangu alinitumia habari hiyo na neno moja: "Na Kibra?" Kisha akauliza kama mama yangu bado anamkumbuka babu yake vizuri, maana kamati inaweza kukubali shahidi aliyeishi nao zamani. Mama ana miaka 79 na magoti yanamsumbua, na kutoka Umoja hadi huko ni matatu mbili. Amesema atakwenda.