Fila za Midomo na Sindano Inayojua Kukataa

Kila ninapoona picha ya mtu ambaye mdomo wake wa juu umejazwa hadi umechomoza kama wa bata, lawama zangu hazimwendei mteja. Swali langu ni kwa aliyeshika sindano: kwa nini hakukataa?

Fila nyingi za midomo, yaani vijazio vinavyochomwa kwa sindano ili kuinenepesha, siku hizi hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, ambayo mwili wenyewe huwa nayo na ambayo huvuta maji. Kwa sababu hiyo, pamoja na majeraha ya sindano, midomo huvimba sana siku mbili tatu za mwanzo, na ni baada ya wiki mbili hivi ndipo mtu anaweza kusema kwa haki kama imetosha. Bomba moja la sindano ya fila kwa kawaida hubeba mililita 1, na anayeanza mara nyingi hutosheka na nusu yake; lakini pale bomba zima linapouzwa kwa bei moja, mchomaji huona afadhali alimalize, na mteja naye hataki kulipia kitakachotupwa. Hapo ndipo mwonekano wa asili unapopotelea, kwenye hesabu ya fedha.

Mtazame kwa upande mtu aliyezidishiwa. Fila imevuka ukingo wa mdomo na kupanda kuelekea puani, ikaacha kivimbe chenye kivuli mithili ya masharubu membamba, na kile kifereji kilicho chini ya pua kimesawazika. Akicheka, mdomo wa juu haunyooki. Ukikuta hali hiyo, kuongeza fila ni kuongeza tatizo. Kinachofaa ni kuyeyusha ile ya zamani, kusubiri, kisha kuanza upya, au kutoanza kabisa.

Jambo jingine linalonikera ni kile kipimo kinachokaririwa kwamba mdomo wa chini uwe mara 1.6 ya ule wa juu. Kipimo hicho kimeegemea nyuso za Kizungu. Waafrika wengi wana midomo miwili inayokaribiana kwa unene, na anayewapima kwa rula hiyo atawaharibia sura waliyozaliwa nayo.

Nchini Uingereza, ripoti ya mwaka 2013 ya Sir Bruce Keogh, aliyekuwa mkurugenzi wa tiba wa huduma ya afya ya umma (NHS) England, iliyaita mambo ya fila janga linalosubiri kutokea, kwa kuwa yeyote aliweza kuchoma bila mafunzo. Tangu Oktoba 2021 ni marufuku England kumchoma fila ya urembo aliye chini ya miaka 18. Hata hivyo fila zenyewe haziuzwi kwa cheti cha daktari, ilhali hayaluronidezi, dawa inayoziyeyusha, ni ya cheti. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kuruhusiwa kujaza kitu asichokuwa na uwezo wa kukitoa. Na kuna wakati ni lazima kitolewe upesi: fila ikiingia au kubana mshipa wa damu, ngozi hupauka, huuma vibaya na hufanya mabaka, na kila saa inayopita huzidisha hatari ya nyama kufa.

Kwa hiyo kabla ya kulala kwenye kiti cha mtu ningemuuliza mambo mawili tu: hayaluronidezi yako iko wapi, na ni lini mara ya mwisho ulimrudisha mteja nyumbani bila kumchoma?