Nusu Kura ya Michigan na Wajumbe wa Lamu

Kuna neno linalorudiwa kwenye mabaraza ya Mkomani na Langoni, hapa Lamu, kila msimu wa uchaguzi unapokaribia, nalo linanichoma: "Hayo ya wajumbe ni makaratasi tu, mgombea hujulikana mapema." Mazungumzo yakihamia Marekani ya 2008, watu hugawanyika: huyu ashikilia kwamba Hillary Clinton aliporwa Michigan, yule asema kila kitu kilikwenda sawa kwa kuwa Obama alishinda. Wote wanarukia matokeo na kuiacha kanuni. Nami nasema tiketi ya urais hupatikana na kupotea ndani ya makaratasi hayo hayo, na aliye mbali na Nairobi kama sisi ndiye wa kwanza kupotezewa haki yake.

Clinton na Obama waligombea tiketi ya chama cha Democratic, na tiketi hiyo hutolewa na wajumbe ambao kila jimbo huwapeleka kwenye mkutano mkuu kulingana na kura zake za mchujo. Chama kilikuwa kimeweka ratiba. Hakuna jimbo la kufanya mchujo kabla ya tarehe 5 Februari 2008, isipokuwa manne: Iowa, New Hampshire, Nevada na South Carolina. Michigan ikajipangia tarehe 15 Januari, Florida tarehe 29. Adhabu yake ilikuwa imeandikwa tayari: jimbo likitangulia ratiba lapoteza nusu ya wajumbe wake wanaotokana na kura, pamoja na wajumbe wake wote wa wadhifa, yaani magavana, wabunge na vigogo wa chama ambao hawafungwi na kura ya mtu. Ni adhabu kali, lakini inatekelezeka. Kamati ya Kanuni ya chama haikutosheka nayo. Agosti 2007 ikawafuta wajumbe wote wa Florida, na Desemba ikaifanyia Michigan vivyo hivyo.

Kosa lilizaliwa hapo, miezi kadhaa kabla ya kura ya kwanza kupigwa. Jimbo lenye wajumbe sifuri halina faida kwa mgombea, na wagombea wakuu walikuwa wameahidi kwa maandishi kutofanya kampeni katika jimbo lolote linalokiuka ratiba. Huko Michigan, wagombea Obama, Edwards, Richardson na Biden wakayaondoa majina yao kwenye karatasi ya kura. Clinton akaliacha lake. Alipata takriban asilimia 55, na asilimia 40 ya wapiga kura wakatia alama mahali pa kutomchagua yeyote kati ya walioorodheshwa. Florida majina yote yalikuwepo, ila kampeni hakuna: Clinton akapata asilimia 50, Obama 33, Edwards 14. Watu wapatao milioni 1.7 huko Florida walipiga kura ambayo chama chenyewe kilishatangaza kwamba haitahesabiwa. Je, waliobaki majumbani kwa sababu walilisikia tangazo hilo? Hao hakuna kamati duniani iwezayo kuwahesabu, na ndio sababu kosa hili halikuwa na dawa tena.

Ikaja tarehe 31 Mei 2008. Kamati ile ile ikaketi katika hoteli moja mjini Washington, mchujo ukiwa umebakisha siku chache tu. Florida ikarudishiwa wajumbe wote 185, kila mmoja akiwa na nusu kura: 105 wa Clinton wakawa kura 52.5, 67 wa Obama wakawa 33.5, 13 wa Edwards wakawa 6.5. Uamuzi huo ulipita kwa 27 bila kupingwa. Mtu aweza kuulalamikia, lakini angalau namba zake zilitoka kwenye masanduku ya kura.

Ya Michigan haivumiliki. Upande wa Clinton ulitaka wajumbe 73 kwa 55. Upande wa Obama ulitaka 64 kwa 64. Viongozi wa chama wa jimbo wakaja na 69 kwa 59, kamati ikaipitisha kwa kura 19 dhidi ya 8, na wajumbe hao nao wakapewa nusu kura kila mmoja. Itazameni hiyo 69. Hakuna mpiga kura aliyeizaa. Ilitoka katikati ya madai mawili, kama bei ya mbuzi. Kamati ilichukua kura za watu waliokataa kumchagua yeyote, ikaamua yenyewe kwamba walimtaka Obama, kisha ikachota wengine wanne kutoka fungu la Clinton na kuwaongeza juu yake. Nia zao zaweza kuwa njema, lakini kamati ya kanuni ikianza kukisia mioyo ya watu imekwisha kuacha kazi yake.

Harold Ickes, mshauri wa Clinton aliyekuwa pia mwanakamati, aling'aka siku ile kwamba mgombea wake anaporwa wajumbe wanne. Kwa hoja hiyo peke yake nasimama naye. Lakini Ickes huyo huyo alikuwa ameunga mkono adhabu ya kufuta wajumbe wote mwaka 2007, wakati mgombea wake alipokuwa akiongoza na hakuna aliyedhani Florida ingehitajika. Kanuni uliyoipigia kura ukiwa juu huna haki ya kuiita dhuluma ukiwa chini. Na Agosti, kwenye mkutano mkuu wa Denver, majimbo yote mawili yalirudishiwa kura kamili, mshindi akiwa ameshajulikana tangu tarehe 3 Juni. Sasa ile adhabu ilimfunza nani?

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba Obama angeshinda kwa vyovyote. Wajumbe wanne wenye nusu kura ni kura mbili, na kiwango cha kura za wajumbe za kushinda tiketi kilikuwa kimepandishwa kutoka 2,025 hadi 2,118. Lakini hiyo ni bahati ya mwaka ule. Mwaka ambao pengo ni dogo, kura mbili zilizobuniwa kikaoni zatosha kukipasua chama.

Republican mwaka huo huo walikumbwa na tatizo hilo hilo. Wakayakata nusu majimbo matano, zikiwemo Florida na Michigan, wakatangaza mapema na wakaendelea. Wagombea wakafanya kampeni, watu wakapiga kura wakijua thamani yake. Tofauti yote ni hiyo: adhabu inayoweza kubebwa hadi mwisho, na kila mtu anaijua kabla ya kuondoka nyumbani.

Hata pasipokuwa na ugomvi, hesabu ya wajumbe ina mitego ambayo mwananchi haioni. Kanuni ya Democratic hugawa wajumbe kwa uwiano ndani ya kila eneo la uchaguzi, na aliye chini ya asilimia 15 hapati kitu. Chukua eneo lenye wajumbe wanne na wagombea wawili. Ukipata asilimia 62 ya kura, hesabu yakupa 2.48 na mwenzako 1.52; sehemu iliyobaki kubwa zaidi ni yake, hivyo mnatoka wawili kwa wawili. Lazima uvuke asilimia 62.5 ndipo upate wa tatu. Sasa nenda eneo lenye wajumbe watatu: kura moja zaidi ya nusu yatosha kukupa wawili kwa mmoja. Kampeni iliyoijua hesabu hii ilipeleka pesa na watu kwenye maeneo yenye idadi witiri, na haikujichosha kwenye yenye idadi shufwa. Ndivyo ilivyotokea Nevada, ambako Clinton aliongoza lakini Obama akatoka na wajumbe 13 kwa 12. Huko Texas, Clinton alishinda kura ya mchujo, Obama akashinda vikao vya wanachama vya jioni ile ile, ambavyo navyo viligawa wajumbe, na jumla ikawa 99 kwa 94 upande wa Obama. Hakuna aliyeiba. Kanuni ilikuwa wazi kwa kila mtu, na upande mmoja ndio ulioisoma vizuri.

Kuhusu wajumbe wa wadhifa sina maneno mengi: tangu 2018 chama hicho kimewazuia kupiga kura katika duru ya kwanza, isipokuwa pale mshindi anapokuwa ameshapatikana bila wao. Ilipasa iwe hivyo tangu mwanzo.

Anayedhani haya ni ya Wamarekani na akumbuke FORD, chama chetu cha upinzani cha wakati ule. Mwaka 1992 upinzani wa Kenya ulikuwa na nguvu ambayo haikuwahi kuonekana tangu uhuru, na mojawapo ya mambo yaliyoupasua ni swali hili hili: mgombea urais achaguliwe na wajumbe, au na wanachama wote moja kwa moja? Upande wa Matiba na Shikuku ulitaka kura ya wanachama. Upande wa Jaramogi Oginga Odinga ulitaka wajumbe. Ukabila ulikuwepo, tamaa ilikuwepo, sikatai. Lakini kama njia ya uteuzi ingekuwa imeandikwa na kukubaliwa kabla majina hayajajitokeza, hizo tamaa zingekosa mlango wa kupitia. Zikazaliwa FORD-Kenya na FORD-Asili. Desemba Moi akashinda kwa takriban asilimia 36, wakati Matiba alipata kama 26 na Odinga kama 17. Jumlisheni wenyewe.

Sasa tuje kwetu. Uchaguzi ni Agosti 2027, na vyama vitaita makongamano ya wajumbe miezi kadhaa kabla. Sheria ya Vyama vya Siasa, kwa marekebisho ya 2022, inaruhusu mchujo wa moja kwa moja unaotumia orodha ya wanachama, au ule wa wajumbe. Kwa urais, vyama vyetu vikubwa vimezoea wajumbe, wanaokutanishwa Kasarani, Nairobi. Kwa hivyo swali la kwanza la mwanachama wa Lamu lisiwe "nani anasimama?" Liwe "wajumbe wanagawanywa kwa kipimo gani?"

Piga hesabu ya kongamano la wajumbe 3,000. Wakigawanywa sawa kwa kaunti 47, Lamu inapata kama 64. Wakigawanywa kwa maeneo bunge 290, sisi tuna mawili, Mashariki na Magharibi, tunapata kama 21. Wakigawanywa kwa idadi ya watu, sensa ya 2019 ilituhesabu 143,920 katika nchi ya watu milioni 47.6, tunapata 9. Kutoka 64 hadi 9, na hakuna hata mtu mmoja wa Lamu aliyebadilisha nia. Wa Nairobi atasema kipimo cha watu ndicho cha haki, na ana hoja. Wa Kiunga, huku kwetu Lamu, atasema bila kipimo cha kaunti sauti yake haifiki popote, naye ana hoja. Mimi naona kipimo cha maeneo bunge ndicho ambacho pande zote mbili zaweza kuishi nacho. Lakini kuliko kipimo chochote, nataka kiandikwe sasa, kabla hajajulikana nani kitamfaa. Kukibadilisha wakati wagombea wameshajitokeza ni kuhamisha boya la kuzungukia mashua zikiwa zimeshatweka tanga.

Kisha kuna orodha yenyewe, na hapo ndipo penye maradhi makubwa. Tawi huchagua wajumbe, mwenyekiti hupeleka majina, na siku ya kongamano mtu hufika langoni akute jina lake halipo na beji yake ameivaa mwingine. Hutokea kwa sababu orodha husafiri kwa mkono wa mtu mmoja na hakuna nakala iliyobaki tawini. Hutokea pia pale tawi linapokuwa na ofisi mbili zinazogombana, kila moja na muhuri wake, na makao makuu yakaiamini ile inayoyafaa. Na hutokea kwa nauli. Mjumbe wa Kiunga au Basuba lazima afike Mokowe kwanza, kwa mashua au kwa njia ya bara ambayo usalama wake sote twaujua, kisha basi la kupitia Witu, Garsen, Malindi na Mombasa. Notisi ya siku tatu haimtoshi. Ikiwa ni msimu wa kusi, bahari ya kule Kiwayu haina miadi na mtu. Anayemlipia safari na malazi ndiye atakayemwambia apige kura wapi, na asiyelipiwa nafasi yake itajazwa na mtu anayeishi Nairobi mwenye jina la Kiamu.

Wanachama wa matawi ya Lamu wana kazi nne za kufanya mwaka huu, nazo hazihitaji pesa nyingi. Hakikisheni uanachama wenu kupitia eCitizen, kwa sababu wengine wenu mmeandikishwa katika vyama msivyovijua. Ombeni katiba ya chama na kanuni za uteuzi, msome kifungu cha wajumbe: idadi, kipimo, siku za notisi, na nani ana uwezo wa kumbadilisha mjumbe. Mkishachagua wajumbe, orodha isainiwe na wote waliohudhuria, ipigwe muhuri na iandikwe tarehe. Nakala moja ibaki tawini, nyingine ipelekwe makao makuu, na aliyeipokea huko asaini kwamba ameipokea. Na mzozo ukizuka, pelekeni kwanza kwa kamati ya ndani ya chama, kwa maandishi, mkiweka ushahidi wa siku mliyopeleka. Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa litawauliza kama mlijaribu huko kwanza, na asiye na karatasi ya kuonyesha hurudishwa, hata kama haki ni yake.